Nguo Zisizonukia

Dukani, 3 Machi

Mkwe wangu,

Nimefika salama. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu kila nikianza kuuliza la maana mtandao wako unakatika, na mwanangu akiishika yeye ndiyo basi. Hatukumpa jina la Kimya bure. Karatasi haina mtandao. Itakufikia tu.

Nimekaa kwenu siku nne. Chakula nilikula nikashiba, na maji ya kuoga yalikuwa ya moto kila asubuhi. Hilo silalamikii. Lakini nina macho. Begi langu ulilipokea kwa vidole viwili ukaliacha barazani kama mzigo wa mtu mwingine. Siku zote nne ulilala sebuleni. Madirisha wazi, na baridi ile. Nikikaa kwenye kochi, wewe unahamia kiti cha mlangoni. Nikija mlangoni, unakumbuka kuna kitu jikoni.

Halafu mashuka niliyowaletea zawadi. Yale ya bluu niliyafua kwa mikono yangu, nikayasuuza na kilainishi mara mbili, nikayapiga pasi mpaka yakakaa kama karatasi. Siku ya kuondoka nayaona yanapepea kwenye kamba ya jirani yenu wa chini! Na mwenyewe akanipungia mkono kwa furaha.

Mimi ni dobi. Najua wako wanaoona kufua uchafu wa wengine ni kazi ya chini. Lakini watu wakikatiza mtaa wetu wanavuta pumzi wanasema, hapa ni kwa Mama Dobi. Na kila siku saa saba mchana nafungulia redio nikusikie ukisoma habari, nawaambia wateja: nyamazeni, huyo ni mkwe wangu.

Kama nimekukosea, niambie. Kama ninanuka, niambie pia.

Mama mkwe wako

*

Nyumbani, 11 Machi

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikakaa nayo siku mbili kwanza. Samahani kwa yote yaliyokuumiza.

Ila nami niseme kidogo. Lile jambo langu Kimya alishakueleza kabla hujaja. Aliniambia amekueleza lote na wewe umeelewa. Kwa hiyo nilipokuona na begi lile, na mashuka yale, sikujua nishike lipi. Nikanyamaza. Pengine nilikosea kunyamaza, lakini nawe, Mama, ungenikumbuka kidogo.

Harufu zinanishinda. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, siku nyingine natapika kabla sijatoka kwenda kazini. Daktari amesema nisijilazimishe. Ndiyo maana nikalala sebuleni. Mashuka nilimpa jirani kwa sababu ana watoto wengi, na kwangu yangekaa bure.

Kazi yako naiheshimu. Sijaidharau hata siku moja.

Nivumilie.

Mkweo

*

Dukani, 19 Machi

Mkwe wangu! Mwanangu! Mama wa mjukuu wangu!

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nimesimama. Kimya hakunieleza kitu! Neno hata moja! Nilimuuliza pale stendi, mkeo ana nini, akasema amechoka. Amechoka! Lakini mama haambiwi. Harufu zinakushinda, asubuhi unatapika, daktari amesema usijilazimishe, unataka kulala peke yako. Nami nilikaa hapa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Usiogope, inapita. Mimi nikiwa na Kimya tumboni nilichukia vitunguu, nikachukia rangi ya ukuta, na baba yake nilimchukia miezi mitatu mizima, maskini, bila kosa.

Sikumwambia mtu. Yaani, nimewaambia wanawake wa hapa dukani tu. Na fundi viatu wa pembeni, kwa sababu aliuliza mbona nacheka peke yangu.

Nakutumia kifurushi. Nepi za kitambaa kumi na mbili, mablanketi mawili madogo, na shuka laini la kumfunikia mtoto. Nimevisuuza mara tatu kwa kile kilainishi cha zambarau ambacho nakiweka kwenye nguo za maharusi peke yake. Kifungue mwenyewe, usimwachie mume wako. Weka uso humo ndani uvute pumzi, utasikia upendo wa bibi.

Mama yako

*

Nyumbani, 27 Machi

Mama, shikamoo.

Mke wangu hana mimba.

Kifurushi kilifika juzi. Alikifungua mwenyewe kama ulivyoagiza. Kwanza alilia kwa ajili ya zile nepi. Halafu kifua kikabana. Tulikuwa hospitali mchana kutwa. Sasa yuko nyumbani, anapumua vizuri, ila sauti imekauka.

Kosa ni langu. Sabuni za manukato na vilainishi vinamdhuru, ina miaka miwili sasa. Kichwa, macho, koo, kisha kifua. Aliniomba nikueleze kabla hujaja. Nilikupigia. Ukaanza kunisimulia mashine mpya, na wateja wanavyosifia harufu yake, nikashindwa pa kuingilia. Nikamwambia mke wangu kwamba nimeshakueleza. Nilidhani siku nne ni chache, zitapita.

Yeye akaamini unajua na hujali. Wewe ukaamini anakudharau. Mimi nilikuwa katikati nakula ugomvi wenu bila kusema.

Hii ndiyo barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Nisamehe.

Kimya

*

Dukani, 2 Aprili

Mkwe wangu,

Pole. Nimeanza na neno hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko mengine. Yanayofuata usiyasome ukiwa umechoka.

Nimejaribu kuelewa, nimeshindwa. Harufu mbaya inaumiza, hilo nalijua, nimefua nguo za wachinjaji. Lakini harufu nzuri? Harufu ya maua? Tangu lini? Mimi nimo ndani yake miaka thelathini na kifua changu kizima. Harufu hiyo ndiyo iliyomlisha mume wako na kumsomesha mpaka akawa fundi umeme. Leo naambiwa nilikuwa natembea na sumu mkononi.

Na kama ni kweli, mbona redioni hukohoi? Jana nimekusikiliza, sauti kama maji ya mtungi. Kwani huko kazini kwenu watu wanavaa nguo zisizofuliwa?

Halafu ile habari ya mtoto. Fundi viatu amenipongeza tena asubuhi hii. Nimesema asante. Mtu mzima na mvi zangu nimesema asante kwa mjukuu ambaye hayupo.

Sijui nina hasira na nani. Ukijua, niambie.

Mama mkwe wako

*

Nyumbani, 9 Aprili

Mama, shikamoo.

Nitakueleza mwenyewe sasa, tusimtume mtu tena.

Unaniuliza mbona sikohoi redioni. Ninakohoa. Kuna kitufe kidogo mezani, nikikibonyeza maikrofoni inafunga. Wewe unasikia nimevuta pumzi kati ya habari na habari. Mimi pale nimeinama chini ya meza.

Chumba cha kusomea habari hakina dirisha. Kuta zimebandikwa sponji ili kelele zisiingie, na sponji ile inanyonya harufu kama mkate unavyonyonya chai. Fundi mitambo wetu mpya anaingia na shati lililolala kwenye kilainishi, anakaa hatua mbili kutoka kwangu. Dakika tano kichwa kinaanza upande wa kushoto. Dakika kumi macho. Robo saa, koo linajifunga kama mtu anakaza kamba taratibu. Nimemwambia Mkuu wa Kituo mara mbili. Amesema nijikaze, wote tuna matatizo.

Nyumbani nafua kwa sabuni ya mche isiyo na manukato. Naanika ndani, kwa sababu upepo unaleta harufu za kamba za majirani. Siku wakifua jengo zima, nafunga madirisha. Ulipokuja wewe niliyafungua. Wageni nawapangia viti mimi, nao wanadhani nina adabu sana. Ukiniuliza ni nini kinachouma zaidi, si kichwa. Ni kuonekana mwenye maringo. Mtu akikuona unajikwaa atakushika mkono. Akikuona unaziba pua anakuchukia.

Daktari hana dawa ya kuliondoa tatizo hili. Ana pampu ya kuvuta kifua kikibana, na ana neno moja: jiepushe. Nijiepushe na watu wote wenye nguo?

Na la mwisho, Mama. Miaka minne ya ndoa hukuwahi kuniuliza habari ya mtoto. Nilikushukuru kwa hilo kila siku bila kukuambia. Sasa nasikia mtaa mzima umeshanipongeza. Hilo liliniumiza kuliko kifurushi.

Unauliza una hasira na nani. Mimi nilikuwa na hasira na wewe wiki hizi zote, kumbe hukuwa na kosa. Ndiyo maana naandika.

Mkweo

*

Dukani, 17 Aprili

Mwanangu,

Nilikusikia juzi. Saa saba na dakika nane. Ulikuwa unasoma habari ya daraja. Ukasema "wananchi wa eneo hilo," halafu ukasema tena "wananchi," halafu sauti ikawa kama karatasi inayochanwa. Halafu muziki. Wakaweka muziki wa furaha, wasio na haya.

Pasi ilikuwa mkononi mwangu nikaisahau, nimechoma shati la mwalimu. Shati limetoboka mgongoni, na sikuweza hata kujali.

Kwanza, lile la mtoto. Jana nimewazunguka wote niliowaambia, mmoja mmoja, nikasema: nilisoma vibaya barua ya mkwe wangu, yeye hakusema, mimi ndiye niliyesema. Fundi viatu aliinamisha kichwa akaendelea kugonga msumari. Halitatoka tena kinywani mwangu mpaka utakapolisema wewe, na usipolisema, basi.

La pili. Ulipoandika "dakika tano kichwa kinaanza upande wa kushoto," nilimkumbuka mtu. Tulikuwa na mpiga pasi hapa, wewe hukuwahi kumwona. Mkono mwepesi, kola anainyoosha kwa pasi moja. Tunamwita Mama Pasi. Miaka mitatu iliyopita aliacha kazi ghafla na mimi nikatangaza ni mvivu. Leo nimekwenda kwake.

Nimemkuta mlangoni anachambua mboga. Kuniona tu akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Nikasema, "Bado una kinyongo na mimi?"

Akasema, "Sina kinyongo, Mama Dobi. Ni nguo zako. Kaa pale, upepo utoke kwangu uje kwako, tutaongea vizuri."

Nikakaa pale. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu kichwa kinaniuma. Ukasema kichwa kinamuuma kila asiyetaka kazi. Ukacheka, wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka."

Mwanangu, nilisema hivyo kweli. Nilimwona kila siku kwa miaka miwili anajifuta macho, nikadhani ni mvuke.

Ninajua kufua kuliko mtu yeyote mtaani hapa. Sasa naona sijui. Nifundishe.

Mama

*

Nyumbani, 25 Aprili

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, na sauti yenyewe ni ya chura. Kimya alicheka mpaka akakaa chini. Tulihitaji kicheko.

Sisomi habari tena kwa sasa. Wamenipeleka chumba cha kanda za zamani, nipange na kuandika majina. Mkuu wa Kituo amesema ni kwa muda, lakini amemleta msichana mwingine kwenye nafasi yangu, na msichana anasoma vizuri. Naogopa, Mama. Mtangazaji asiyesikika watu wanamsahau ndani ya wiki mbili.

Umesema nikufundishe. Mimi kumfundisha dobi kufua! Haya, sikiliza. Sabuni ya mche isiyo na manukato, au ya unga isiyo na manukato. Soma nyuma ya pakiti, usiamini picha ya mbele. Usiweke kilainishi hata tone. Kijiko cha siki kwenye maji ya mwisho kinatosha, na siki inapotea ikikauka. Mashine iliyozoea kilainishi ina harufu ndani ya mpira wa mlango na kwenye kile kisanduku cha kuwekea sabuni. Isugue, kisha iendeshe tupu kwa maji ya moto mara nyingi. Usihesabu, iendeshe tu mpaka uchoke. Anika mbali na nguo nyingine. Na pua yako usiiamini, imezoea. Muulize Mama Pasi.

Ukitaka, nitumie kitambaa kidogo, kama leso, kwenye bahasha. Kimya atakifungua barazani.

Mkweo

*

Dukani, 6 Mei

Kitambaa cha kwanza hicho. Nimekifua mara nne. Hakinuki kitu, naapa.

Mama

*

Nyumbani, 12 Mei

Dakika kumi. Kichwa, upande uleule. Lakini koo halikufunga.

Mkweo

*

Dukani, 18 Mei

Mama Pasi amekinusa hicho ulichorudisha akasema, "Mama Dobi, hiki kinaimba." Kumbe nilikikunja kwenye meza ileile ya kupigia pasi. Nimebadilisha kitambaa cha meza, nimebadilisha mpaka bahasha. Hiki ni cha pili.

Mama

*

Nyumbani, 25 Mei

Nusu saa, halafu macho kuwasha kidogo tu. Mama, nusu saa! Kwenye vitambaa vya watu sijawahi kufika nusu saa.

Mkweo

*

Dukani, 2 Juni

Cha tatu. Nimesafisha chumba cha nyuma, kile cha mifuko mitupu. Nimeweka humo mashine ya zamani, ile ya mazulia, ambayo haijawahi kuonja kilainishi, na kamba yake peke yake. Mama Pasi ndiye mwenye ufunguo. Ndiyo, amerudi. Nilimwomba radhi mbele ya walewale waliocheka. Amekubali kwa sharti: mimi nisiingie chumba hicho bila kubadilisha nguo. Duka ni langu, na nagonga mlango.

Mteja mmoja nilimfulia kule kwa makosa. Amerudi amekasirika, anasema nguo hazinuki chochote, kwani zimefuliwa kweli? Nikamwambia ndugu yangu, usafi hauna harufu, harufu ni matangazo. Sijui maneno yale yalitoka wapi, ila nilijisikia msomi.

Mama

*

Nyumbani, 9 Juni

Nimelala nacho kwenye mto. Nimeamka asubuhi, kipo shavuni.

Mkweo

*

Dukani, 11 Juni

Kwa Mkuu wa Kituo cha Redio,

Mheshimiwa, hunijui, ila mimi niko na kituo chako kuanzia nafungua duka mpaka nafunga. Mimi ni mama mkwe wa mtangazaji wenu wa habari za saa saba, yule mliyempeleka kwenye kanda.

Naambiwa ulimwambia ajikaze. Sikulaumu. Mimi pia nilimwambia mtu ajikaze. Alijikaza miaka miwili, nikapoteza mpiga pasi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao, na nikamwita mvivu. Jambo hili linanifanya nikuandikie bila kualikwa.

Mtu huyu haumwi na kazi yake. Anaumwa na nguo zetu. Nami ninazijua nguo. Nakuomba mashati ya huyo fundi mitambo yaletwe kwangu, yote, hata soksi. Nitayafua bila manukato na kuyarudisha yamepigwa pasi, bure, mpaka azoee kufua hivyo mwenyewe. Kama hutaki, basi mpe mkwe wangu chumba chenye dirisha. Dirisha halihitaji kikao.

Msichana mpya anasoma vizuri. Ila anakimbia mwisho wa sentensi.

Wako mtiifu,
Mama Dobi

*

Nyumbani, 20 Juni

Mama! Umefanya nini?

Niliitwa ofisini kwa Mkuu. Naingia, naona mwandiko wako mezani kwake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nisingekuwa natunza sauti siku ile, ningekupigia kelele. Hukuniuliza, Mama. Mambo ya kazi yangu ulipaswa kuniuliza kwanza. Hilo naliandika likae hapa, na usilifanye tena.

Haya. Sasa nikueleze kilichotokea.

Mkuu alikuwa amemwita pia fundi mitambo. Akampa barua asome. Kijana wa watu alisoma mpaka kwenye soksi, akainua uso, akaniuliza, "Kumbe ni shati langu?"

Nikasema, "Ni kilainishi, si wewe."

"Mimi nikiingia wewe unasogea nyuma. Nilidhani nanuka jasho. Nikamwambia mke wangu aongeze."

Aongeze! Mama, miezi mitano yule kaka alikuwa anaongeza kilainishi kwa ajili yangu. Mkuu wa Kituo alianza kucheka, akajizuia, akaona mimi nacheka, basi tukacheka wote watatu. Siku iliyofuata alikuja na shati lililofuliwa kwa sabuni ya mche, limekunjamana kama jani la kabichi, amesimama mlangoni anauliza, "Niingie?"

Sponji za kutani hazijabadilishwa, Mkuu anasema mwakani. Ila wametoa viti vibovu kwenye chumba kidogo cha zamani upande wa barabarani, na kina dirisha. Jumatatu nilisoma habari humo. Katikati ya hotuba ya waziri akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake. Wasikilizaji wawili walipiga simu kuuliza kama kituo kinanunua mabetri.

Si wote waliofurahi. Kuna dada wa matangazo ya biashara anayejipulizia marashi mlangoni kwangu kwa makusudi. Na kwenye lifti siwezi kumwambia mtu yeyote afanye nini. Napanda ngazi.

Lakini ninasoma. Naomba uje. Safari hii nakuomba mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Mkweo

*

Nyumbani kwa mwanangu, 14 Julai

Mama Pasi,

Salamu kutoka huku. Nilikuahidi nitakueleza jinsi ilivyokwenda, na wewe ndiye utakayesimulia hapo dukani, kwa hiyo usiongeze chumvi.

Nguo ulizonifulia zilikuwa salama mpaka nilipopanda basi. Akaja kukaa karibu yangu bwana mmoja aliyevaa suti, ananukia kama bustani iliyomwagikiwa asali. Saa sita begani kwangu! Zamani ningemuuliza anatumia kilainishi gani. Nilipofika sikuingia. Nilisimama chini ya ngazi nikamwita Kimya, nikamwambia alete ndoo ya maji na gauni la mkewe. Nimeoga kwenye bafu la uani. Gauni lilikataa kupita kiunoni. Mkwe wangu alisimama juu ya ngazi anacheka huku anafuta machozi, na mimi nimekwama humo mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Siku ya tatu mkwe wangu alirudi kutoka kazini na macho mekundu. Mtu fulani kwenye foleni ya benki. Sikumwambia ajikaze wala sikumwambia pole mara kumi. Nilimpa maji nikakaa kimya chumba kingine, na nilikaa huko kwa sababu yeye ndiye aliyetaka hivyo. Baada ya saa moja akaja mwenyewe. Kumbe siku nyingine zitakuwa hivyo tu, na zinapita. Kimya pia anaongea siku hizi. Jana alisema sentensi nne mfululizo tukiwa mezani, mkewe akamwangalia kama redio iliyojiwasha yenyewe.

Mashine ya chumba cha nyuma usimkopeshe mtu, hata dada yangu akija kulia hapo. Mwalimu mwambie shati lake nitalipa nikirudi.

Na sasa jambo lililonifanya nikae niandike. Jumapili alikuwa amefumua nywele. Akatoka chumbani na kitana na chupa ya mafuta yasiyo na harufu, akaniuliza, "Mama, unajua kusuka?" Nikamwambia nilimsuka shangazi yake Kimya miaka kumi na hakuwahi kulalamika. Akakaa chini, kati ya miguu yangu, akaweka kichwa pajani.

Nilianza taratibu. Nilikuwa nahesabu dakika, wewe unanijua. Tano zikapita. Kumi. Robo saa. Alikuwa ananisimulia habari za kituoni, sauti yake ileile ya redioni, lakini hapa chini, kwenye magoti yangu. Halafu sentensi zikaanza kuwa fupi. Halafu zikaisha. Nikainama nimtazame: amelala, mdomo wazi kidogo, anapumua bila kukwama.

Bado nilikuwa na upande mzima wa kichwa wa kusuka. Nikaweka kitana chini. Miguu ilikufa ganzi kuanzia gotini, na simu yangu ililia mara mbili chumba cha pili, nadhani ulikuwa wewe. Sikusogea.

Mama Dobi